Dada yangu anauza dawa ya kusafisha tumbo, mi ndo shuhuda wake, na sasa naona damu

BARUA

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitaje kabisa, maana grupu letu lina watu wengi na najua kuna wanaokusoma. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, miezi michache ijayo natimiza 40. Ninachokuandikia ni mambo ya chooni, ni aibu kidogo, ila nimekaa nayo mpaka imenishinda.

Nianzie mbali. Mama yetu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Karibu mwaka mzima alikuwa anaona damu akienda haja kubwa, anasema ni bawasiri, itaisha. Kuja kupimwa ana miaka 51, akafanyiwa opereshini, mwaka uliofuata akaondoka. Mi nilikuwa na miaka 17, bado niko shule. Dada yangu kanizidi miaka 11, ndo akanichukua, akauza cherehani yake ili nimalize masomo. Kwahiyo yule kwangu si dada tu, ni mama, nikimwambia hapana huwa naumwa mimi.

Sasa dada ana kama mwaka na nusu yuko kwenye biashara ya ditoksi ya tumbo. Ni pakiti za unga, unakoroga kwenye maji unakunywa usiku, halafu kila Jumamosi unajipiga enema, yaani unaingiza maji ya uvuguvugu kwa mpira kwenye njia ya haja kubwa. Alinianzishia mimi wa kwanza, miezi 9 iliyopita. Aliniambia mdogo wangu tumbo la mama lilioza kwa uchafu wa miaka 30 uliogandamana kwenye kuta za utumbo, sitaki na wewe ufike huko. Anti, ningekataaje?

Na kweli mwanzoni nilijisikia mwepesi. Siku ya nne ikatoka kitu kama kamba, nyeusi, ndefu kuliko kiganja changu, imejikunja kama ngozi. Nikaichukua kwa kijiti nikaiosha kwenye bakuli la plastiki nikaipiga picha, nisamehe kwa kukusimulia haya, lakini siku ile nililia kwa furaha nikijua nimetoa kile kilichomuua mama. Dada akaiweka ile picha kwenye grupu, na tangu hapo mi ndo shuhuda. Watu wananitafuta inbox, nawaambia nunueni.

Sasa mambo yamegeuka. Nikiacha unga siku moja, sipati choo siku tatu mpaka nne, kwahiyo nasema utumbo wangu ushalala, hauwezi tena kufanya kazi bila dawa. Usiku misuli ya miguu inakaza mpaka naamka, nikisimama haraka naona kizunguzungu, saa nyingine moyo unadunda kama nimekimbia. Natumia dawa za presha, mbili, moja ni ile ya kukojoza. Na mara mbili mwezi huu nimeona damu nyekundu kwenye tishu. Nadhani ni ule mpira umenichubua.

Mume wangu hajui. Mfuko wa enema nautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu, yeye anajua tu Jumamosi naoga sana, watoto wanagonga mlango nawaambia nakuja. Dada nilimgusia kuhusu choo kufunga, akasema hiyo inaonyesha uchafu bado upo, niingie awamu ya pili, enema ya kahawa. Nikataja hospitali akanyamaza, halafu akasema, "Hospitali ndo walimfungua mama, alirudi lini?"

Wiki mbili zijazo ameandaa kikao cha kina mama, amekodi viti, anataka nisimame nitoe ushuhuda. Nikikataa nitakuwa nimemwangusha mtu aliyeuza cherehani yake kwa ajili yangu. Nikikubali nitakuwa nawadanganya watu. Au labda simdanganyi mtu, labda dawa ni nzuri ila mi ndo mwili wangu mbovu. Nifanyeje ili tumbo libaki safi, nisiumwe alichoumwa mama, na dada nisimpoteze?

Mi Shuhuda Niliyechoka

JIBU

Marahaba mdogo wangu,

Kuhusu aibu ya chooni usijali, safu hii imesoma makubwa zaidi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikikuelewa vizuri umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo, la tumbo, la ugonjwa wa mama na la dada, na umeyafunga pamoja kiasi kwamba ukilivuta moja yote yanakuja. Nitajaribu kuyafungua, ila la kuamua maisha yako na dada yako sitaliamua mimi.

Niruhusu tu nianze na damu, hapo sitazunguka. Inawezekana kabisa ni mpira umechubua, inawezekana ni bawasiri, inawezekana ni mpasuko mdogo pale kwenye njia, na hayo ndo yanayotokea kwa watu wengi zaidi. Lakini rudia mistari yako mwenyewe, mama aliona damu akasema ni bawasiri, wewe umeona damu unasema ni mpira. Sikuambii hivi kukutisha, nakuambia kwa sababu tofauti ya bawasiri na kitu kingine haijulikani kwa kukisia, inajulikana kwa mtu kuangalia. Wiki hii, usisubiri kikao kipite. Na ikitokea damu nyingi, au choo cheusi kinachonata kama lami, au ukazimia, au moyo ukadunda vibaya usitulie, au maumivu makali ya tumbo baada ya enema, hapo ni dharura, unaenda saa hiyohiyo.

Ukifika mwambie daktari yote mawili, damu na dawa za presha. Ile ya kukojoza nyingi za aina yake zinatoa potasiamu mwilini (madini yanayotumiwa na misuli na moyo), na kama huo unga una sena (ni mmea unaosukuma utumbo, ditoksi nyingi za usiku zinao, ndo maana unakunywa usiku asubuhi unakimbia) basi nao unatoa potasiamu kwa kuharisha. Potasiamu ikishuka misuli inakaza, mwili unalegea, moyo unapoteza mdundo wake. Miguu yako usiku na huo moyo vinanifanya niwaze hilo, ingawa kipimo cha damu ndo kitasema. Dawa za presha usiziache kwa uamuzi wako, ongea na daktari kwanza. Na beba pakiti ya dada, au piga picha lebo pande zote.

Sasa ile kamba. Najua ni kitu kitakatifu kwako, umeilia, kwahiyo naigusa taratibu. Unga wa namna hiyo mara nyingi huwa na maganda ya mbegu za siliamu na udongo laini wa bentonaiti. Vyote viwili vikikutana na maji vinavimba vinakuwa kama gundi, vikipita kwenye utumbo vinachukua umbo la utumbo, vinatoka ni kamba yenye mikunjo, rangi ya giza, inavutika kama ngozi. Chukua kijiko kimoja cha unga ule, weka kwenye glasi ya maji, acha mpaka asubuhi halafu uguse kwa kijiko. Kama una vitu hivyo viwili utaona ute mzito unaokataa kutoka kwenye glasi, na huo haujawahi kuingia tumboni kwa mtu yeyote.

Na habari ya uchafu wa miaka 30 uliogandamana ukutani, hebu tuiulize maswali. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na ngozi yake ya ndani inajibandua na kuota upya kila baada ya siku chache, sasa uchafu wa miaka 30 ungeshika wapi wakati ukuta wenyewe hauna hata wiki? Madaktari wanaoingiza kamera humo kila siku hawakuti hilo gamba. Kinachokutwa kwa mtu aliyefunga choo sana ni choo kigumu, kinakaa katikati ya njia, na hicho kinatibika.

Wazo lenyewe dada hakulibuni. Miaka ya mwanzo ya 1900 huko London kulikuwa na daktari mpasuaji maarufu, Arbuthnot Lane, aliamini sumu ya choo inaingia kwenye damu, akawa anawakata watu utumbo mpana wote, watu wazima na akili zao wanajipeleka. Mwaka 1919 Mmarekani Walter Alvarez akaandika jambo ambalo hata wewe unalijua mwilini mwako: mtu aliyefunga choo kichwa kinamuuma, amechoka, akienda chooni anapata nafuu palepale. Ingekuwa ni sumu iko kwenye damu isingetoka kwa dakika moja. Ni njia iliyojaa na kutanuka ndo inasumbua mishipa ya fahamu. Kwahiyo ule wepesi ulioupata mwanzo ulikuwa wa kweli, simkatalii dada hapo, ila ni wepesi wa mtu aliyeenda haja vizuri.

Kuna kitu kingine umekisema kama vile ni hukumu, kwamba utumbo ushalala. Mi ningekuuliza hivi, ukiosha sufuria yote leo usiku kesho asubuhi utapakua nini? Dawa ya kusukuma na enema vinatoa kila kilichokuwepo, pamoja na kile ambacho kingekuwa choo cha kesho na keshokutwa. Siku mbili tatu bila choo baada ya hapo zinaweza kuwa ni utumbo unajaza tena, wewe unaona umefunga, unakunywa dawa, unaanza mwanzo. Na isitoshe afya haisemi kila siku lazima, kuanzia mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki ni kawaida ikiwa choo ni laini na huumii.

Basi unachoweza kufanya na huo unga na mpira. Unaweza kuendelea, na hatari yake ushaanza kuiishi. Unaweza kuacha vyote ghafla, ni rahisi kusema, ila siku za mwanzo tumbo litajaa gesi, utaogopa, na mtu aliyeogopa anarudi kwenye pakiti usiku wa tatu. Unaweza kuacha ukiwa na daktari au mfamasia, akakupa kwa muda dawa inayovuta maji kwenye choo kama laktulosi au makrogoli, hizo zinalainisha bila kuupiga utumbo mjeledi, huku chakula kinachukua nafasi. Hii ya tatu ina shida yake, inataka uongee na mtu ulichokuwa unafanya. Ipi inakufaa utajua wewe, ila enema ningeisimamisha mpaka damu ijulikane imetoka wapi. Mpira unaweza kuchubua na hata kutoboa.

Awamu ya pili ya kahawa, hapana jamani. Nilisema sitoi hukumu lakini kahawa pale haina kazi, imeshaunguza watu njia ya haja kubwa, na kuna vifo viliripotiwa Marekani mwaka 1980 kwa watu waliozidisha mpaka madini ya mwili yakavurugika. Na anayedhani kwenda kuoshwa kwa mashine kwa wataalamu ndo usalama, hukohuko Marekani kwenye jimbo la Colorado, kati ya 1978 na 1980, watu wasiopungua 36 walipata amiba baada ya kuoshwa tumbo kwenye kliniki moja. 10 walikatwa utumbo, 6 kati yao wakafa.

Halafu kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yako yote sijakiona. Unakula nini? Umeniandikia pakiti, mpira, kahawa, sahani hujaitaja hata mara moja. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na zinapatikana kwenye maharage, dengu, nafaka ambayo haijakobolewa, mboga, matunda yanayolika na ganda, karanga. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama gramu 6 mpaka 8, yaani karibu robo ya safari kwenye kijiko kikubwa tu cha mchuzi. Humo ndani kuna bakteria wanazila hizo nyuzinyuzi wanatengeneza chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, ndo mmoja wa waliofanya dunia isikilize hili miaka ya 70, alipoona magonjwa ya utumbo yaliyojaa Ulaya ni machache kwa watu wanaokula vyakula visivyokobolewa.

Ila usiamke kesho ukala sufuria la maharage, utapasuka kwa gesi na utasema Anti kakudanganya. Ongeza kidogo kidogo, wiki hii kitu kimoja, wiki ijayo kingine, maji yaende pamoja nayo maana nyuzinyuzi bila maji zinageuka tope kavu. Ukimaliza kifungua kinywa nenda ukakae chooni, utumbo huamka chakula kikigusa tumbo, weka miguu juu ya kistuli magoti yapande, njia inanyooka, usikamue. Na haja ikikuita usiiambie subiri nimalize vyombo. Tembea. Nyama za kusindikwa kama soseji punguza, hizo Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2015 kwenye kundi la vinavyosababisha saratani, na utumbo mpana ndo uliotajwa.

Sasa mama. Hapa ndo naona barua yenyewe ilipo. Mdogo wangu, miezi 9 umekuwa unasafisha kwa sababu unaogopa, na ni haki yako kuogopa, ulimpoteza mama ukiwa na miaka 17. Lakini kusafisha hakuwezi kukuonyesha kama kitu kipo. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, polipu, na huchukua miaka mingi, mara nyingi kama 10, kugeuka. Hakioshwi kwa maji wala hakivutwi na unga. Kinaonekana kwa kamera, kolonoskopi, na daktari akikiona anakikata humohumo kabla hakijawa kitu. Miongozo mingi inasema mwenye mzazi aliyeugua aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mzazi, inayotangulia. Mama aligundulika na 51, kwahiyo kwako ni 40, ambayo iko mlangoni, na hii damu imeshakutoa kwenye foleni ya kusubiri. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba kabla ya kipimo watakupa dawa ya kusafisha tumbo, kweli kabisa, usafi wa siku moja ili kamera ione. Waambie una presha na unatumia dawa gani, wakuchagulie inayokufaa.

Na yale maneno ya dada, hospitali walimfungua mama hakurudi. Simbishii mtu msiba wake. Nauliza tu, mama alienda hospitali baada ya damu ya muda gani?

Tumebaki na kikao na viti vimeshakodiwa. Unaweza kusimama ukasema yale ya mwezi wa kwanza tu ukayaacha ya mwezi wa tisa, dada atafurahi, ila kuna mama mwingine pale anatumia dawa ya kukojoza kama wewe, atanunua kwa sababu yako. Unaweza kusema unaumwa usiende, ni kweli unaumwa, lakini kitakuja kikao kingine. Unaweza kusimama useme yote mbele ya watu, hiyo sidhani utaiweza na sidhani dada anastahili kuyasikia kwanza pale. Au ukamfuata kwake kabla, wawili tu, ukamwambia dada naona damu. Hata hapo anaweza kukasirika, anaweza kusema umeingiliwa na watu, biashara ina madeni yake na wewe huyajui. Ile glasi ya unga usiende nayo siku hiyo, atahisi umekuja kumkamata. Na mumeo je, kuna sababu asijue, au ni mazoea tu ya kufunga mlango wa bafu? Mtu wa kukusindikiza siku ya kipimo utamhitaji, ukipewa dawa ya usingizi hawakuachii urudi peke yako.

Kuna hesabu moja nimeifanya hapa pembeni sijui kama umeshaifanya. Dada kakuzidi miaka 11, kwahiyo ana miaka 50. Mama aligundulika na 51. Na yeye ni mtoto wa mama yuleyule, ndo aliyekuwa mtu mzima wakati ule, 28, labda ndo aliyekaa koridoni akiwasubiri madaktari wewe ukiwa shule. Mi simjui, inawezekana anauza kwa ajili ya hela tu. Lakini umesema alikuanzishia wewe kwanza kabla ya wateja. Mtu huyo ukimwambia dawa yako ni mbaya atasikia umetukana biashara yake. Ukimwambia dada mi naenda kupimwa kile cha mama na naogopa, twende wote tupimwe, sijui atajibu nini, ila ni swali la aina nyingine.

Na hivi, yeye mwenyewe anaendeleaje chooni? Umewahi kumuuliza?

Anti